Mkondo wa bahari unavyosomwa kutoka angani, na unavyouhusu mzigo wako wa Kampala

KAMPALA – Mwenye duka wa Kikuubo anasubiri makontena mawili kutoka Jebel Ali. Tarehe aliyopewa imepita. Akimpigia simu wakala wake anaambiwa: "Vumilia kidogo, Hajji. Bahari ni mbaya msimu huu, mkondo ni mkali." Siku tano baadaye anapiga tena na jibu ni lile lile. Wakati huo lori alilokwisha kulipanga limesimama Mombasa, dereva anadai posho, na wateja wameanza kununua kwa jirani.

Je, jibu la wakala ni la kweli? Zamani mtu wa bara, aliye zaidi ya kilomita 1,100 za barabara kutoka pwani, hakuwa na njia ya kujua. Alichoambiwa ndicho alichoshika. Leo mikondo ya bahari hupimwa kwa setilaiti kila siku, na ramani zake ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Makala hii inaeleza mikondo hiyo huonekanaje kutoka angani, wapi vipimo hivyo ni vya kuaminika na wapi si vya kuaminika, na jinsi mfanyabiashara au mwenye malori anavyoweza kuvitumia kupima maneno anayoambiwa.

Jibu fupi ni hili: mkondo wa bahari hula saa za safari, hauli wiki. Sababu zake zinafuata.

MKONDO UPI UNATUHUSU?

Mkondo ni maji ya bahari yanayosafiri upande mmoja kwa muda mrefu, kama mto usio na kingo. Si sawa na maji kujaa na kupwa, ambayo huenda na kurudi kila siku. Si sawa na mawimbi pia. Wimbi linaweza kupita chini ya ngalawa na kuiacha karibu pale pale, lakini mkondo huichukua ngalawa na kwenda nayo.

Kwa mzigo unaokuja Kampala kupitia Mombasa au Dar es Salaam, mikondo miwili ndiyo ya kujua.

Wa kwanza ni Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki. Huu huenda kaskazini mwaka mzima, ukipita Mtwara, Mafia, Unguja na Pemba hadi pwani ya Kenya. Wakati wa kusi huongezeka nguvu, na wakati wa kaskazi hupungua.

Wa pili ni Mkondo wa Somalia, na huu una tabia ya peke yake. Mikondo mingi mikubwa duniani hufuata mwelekeo mmoja mwaka mzima. Mkondo wa Somalia hugeuka. Wakati wa kusi, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, hukimbia kuelekea kaskazini-mashariki, na kasi yake juu ya maji imewahi kupimwa kufikia mita 3.5 kwa sekunde, yaani karibu maili 7 za baharini kwa saa. Hiyo ni miongoni mwa kasi kubwa kabisa za mikondo ya bahari duniani. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Februari, maji yale yale hurudi kusini, yakakutana na mkondo wa pwani yetu karibu na Kenya, na yote mawili yakageukia mashariki kuingia baharini.

Manahodha wa majahazi walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya setilaiti. Walishuka na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, wakafanya biashara Lamu, Mombasa na Zanzibar, wakapandisha matanga kurudi kusi ilipoanza. Kipindi cha katikati, upepo unapokuwa haujaamua, walikiita tanga mbili. Jahazi lililochelewa kuondoka lilikaa miezi likisubiri. Ratiba ya biashara yote ya pwani ilipangwa na upepo na mkondo.

SETILAITI HAIUONI MKONDO

Watu wengi hudhani setilaiti hupiga picha ya maji yakikimbia, kama kamera ya barabarani inavyopiga magari. Sivyo. Ukitazama bahari kutoka juu huoni mwendo, unaona uso wa bluu tu. Kinachoonekana ni alama ambazo mkondo huacha. Alama hizo ni tatu: joto, rangi na kimo cha maji.

Joto. Maji yanayotoka mahali tofauti huwa na joto tofauti. Setilaiti hupima miale ya joto inayotoka juu ya bahari na kuchora ramani ambapo maji ya moto hupewa rangi moja na ya baridi rangi nyingine. Wakati wa kusi, pwani ya Somalia huonekana na ulimi wa maji baridi karibu na Ras Hafun, ambapo maji ya chini hupanda juu na joto huweza kushuka chini ya nyuzi 20, katika eneo la tropiki. Ulimi huo huvutwa kuelekea mashariki, na umbo lake huonyesha mkondo unakokwenda. Ukiwa na picha ya leo na ya kesho kutwa, unaweza kupima ncha ya ulimi imesogea kiasi gani.

Kasoro yake ni mawingu. Miale ya joto haipenyi wingu, na kipindi cha kusi ndicho chenye mawingu mengi katika sehemu kubwa ya bahari hiyo.

Rangi. Maji ya chini yanapopanda huleta mbolea ya asili, na mimea midogo isiyoonekana kwa macho huzaana kwa wingi. Maji hubadilika kutoka bluu kuwa ya kijani. Setilaiti ya SeaWiFS, iliyofanya kazi kuanzia 1997 hadi 2010, na vifaa vya MODIS vilivyorushwa 1999 na 2002, vilionyesha mistari ya kijani ikizungushwa na mikondo kama maziwa yanayokorogwa ndani ya chai. Wavuvi wana faida zaidi na picha hizi, kwa kuwa penye kijani ndipo samaki hufuata chakula.

Kimo. Hii ndiyo alama yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyojulikana sana. Bahari si tambarare. Hata ukiondoa mawimbi na kujaa na kupwa, ina vilima na mabonde vya makumi ya sentimita, vilivyotandazwa juu ya mamia ya kilomita. Baharia hawezi kuviona. Setilaiti huviona kwa rada: hutuma mshindo wa mawimbi ya redio chini, na kuhesabu muda yanaochukua kurudi. Muda huo ukijulikana, na njia ya setilaiti ikijulikana kwa usahihi, kimo cha maji hupatikana.

Marekani ilijaribu kazi hii mwaka 1978 kwa setilaiti ya Seasat, iliyodumu miezi mitatu na kitu tu. Mapinduzi yalikuja Agosti 1992, Marekani na Ufaransa ziliporusha TOPEX/Poseidon. Ilizunguka kilomita 1,336 juu ya dunia, ikarudia njia yake kila baada ya siku kumi hivi, na kupima kimo cha bahari kwa kosa la sentimita chache tu. Iliendelea hadi mwanzoni mwa 2006, ikarithiwa na Jason-1 (2001), Jason-2 (2008), Jason-3 (2016) na Sentinel-6 Michael Freilich (2020).

Sasa, kimo kinahusianaje na mkondo? Mtu angetarajia maji yateremke moja kwa moja kutoka kilimani hadi bondeni. Lakini dunia inazunguka, na mzunguko huo huyapinda maji yanayosafiri. Matokeo yake ni kwamba maji huzunguka pembeni mwa kilima badala ya kuteremka. Kaskazini mwa ikweta huzunguka kilima kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, na kusini kinyume chake. Mteremko ukiwa mkali, mkondo ni wa kasi. Kwa hiyo mwenye ramani ya vilima anaweza kupiga hesabu akapata ramani ya mikondo.

Mfano mkubwa uko kwenye njia ya meli zetu. Kila msimu wa kusi, kati ya nyuzi 5 na 10 kaskazini mwa ikweta, pwani ya Somalia huota kilima cha maji chenye upana wa mamia ya kilomita, na maji hukizunguka kwa kasi. Wanasayansi hukiita Kizingo Kikuu. Mabaharia wa Uingereza walikuwa wamekwisha kukiandika vitabuni katika karne ya 19, lakini kuonekana chote kwa mara moja, kikizaliwa, kikitembea na kufa, kulihitaji setilaiti.

KIPANDE CHA NDEGE KILICHOFIKA PEMBA

Ikiwa hesabu hizi zinaonekana kama mambo ya darasani, tukio moja la pwani yetu linaonyesha kazi yake.

Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia, safari MH370, ilipotea ikiwa na watu 239. Julai 2015 kipande cha bawa lake kiliokotwa kisiwa cha Réunion. Juni 2016 kipande kingine kikubwa cha bawa kiliokotwa Pemba, na Septemba mwaka huo wachunguzi wa Australia walithibitisha kuwa ni cha ndege hiyo hiyo.

Kipande hicho kilifikaje Pemba kutoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi? Kusini mwa ikweta kuna mkondo mpana unaokwenda magharibi, kutoka upande wa Australia na Indonesia kuja Afrika. Ukifika ncha ya kaskazini ya Madagaska hupita na kugonga bara karibu na mpaka wa Msumbiji na Tanzania. Hapo hugawanyika: tawi moja hushuka kusini, jingine hupanda kaskazini kuwa ule Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki. Kinachoelea katika tawi la kaskazini hupita Mafia, Unguja na Pemba. Ndiyo njia hiyo.

Watafiti wa taasisi ya CSIRO ya Australia walichukua ramani za mikondo zilizotokana na vipimo vya kimo vya setilaiti, wakaongeza upepo na mawimbi, wakarudisha safari ya vipande nyuma kwa kompyuta. Walifika hadi kulitia majini bawa dogo halisi la ndege ya aina ile ile, karibu na Tasmania, kupima linavyosukumwa na upepo. Kazi hiyo ilisaidia kupunguza eneo la kutafuta. Haikutoa mahali penyewe, kwa kuwa kosa dogo la kila siku, likijumlishwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, huwa mamia ya kilomita.

Hilo ndilo somo la kwanza la ramani hizi: kwa siku chache zinasaidia sana, lakini kwa miezi mingi zinaotea.

IKWETA INAPOHARIBU HESABU

Somo la pili linatugusa sisi zaidi ya watu wa Ulaya. Madereva wa barabara ya Masaka wanaijua alama ya ikweta pale Kayabwe, ambapo watalii huonyeshwa maji yakizunguka ndani ya beseni. Lile onyesho la beseni ni mchezo tu, lakini mstari wenyewe una maana kubwa kwa bahari.

Ile nguvu ya dunia inayopinda maji hupungua kadiri unavyokaribia ikweta, na juu ya ikweta yenyewe huwa sifuri. Hesabu ya kugeuza kilima kuwa mkondo huitegemea nguvu hiyo. Ukiifanya juu ya ikweta ni kama kugawanya kwa sifuri: jibu halipatikani. Ikweta hiyo ya Kayabwe ukiifuata mashariki inatokea baharini karibu na Kismayo. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini, Dar es Salaam karibu nyuzi 7. Yaani sehemu ambayo ramani za kawaida ni dhaifu ndiyo sehemu meli zetu zinapopita.

Wataalamu wamepata njia ya kuzunguka tatizo hilo. Mfumo wa OSCAR wa Marekani, kwa mfano, huchanganya kimo cha maji, upepo na joto, na hutumia hesabu maalumu karibu na ikweta. Maboya yanayoelea huru baharini, yenye tanga la chini ya maji la kina cha mita 15 ili yafuate maji na si upepo, hutuma mahali yalipo kupitia setilaiti na kusahihisha ramani.

Zipo kasoro nyingine mbili. Ya kwanza, setilaiti za aina ya Jason hupima mstari mwembamba tu chini yake, na kwenye ikweta pengo kati ya mistari ni kilomita 315 hivi, zaidi ya mwendo wa Kampala hadi Mbarara. Kilichomo katikati hukisiwa. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, ilianza kupunguza tatizo hili kwa kupima ukanda wenye upana wa kilomita 120 badala ya mstari. Ya pili, karibu na nchi kavu rada huchanganya maji na ardhi, kwa hiyo kilomita za mwisho kabla ya bandari hazisomeki vizuri. Ramani ya mkondo haitakuambia kinachotokea kwenye mlango wa Kilindini.

TUPIGE HESABU YA SAA

Tuchukue meli ya makontena yenye kasi ya maili 14 za baharini kwa saa, inayofuata pwani ya Somalia kwa umbali wa maili 600, sawa na kilomita 1,100 hivi. Tuchukue mkondo wa maili 3 kwa saa katika njia yote. Huu ni mfano wa hesabu, si ratiba ya meli fulani.

Bila mkondo: meli hutumia saa 43.

Ikishuka kusini wakati wa kusi, mkondo ukiipinga: kasi halisi hubaki maili 11, na safari huchukua saa 54 na nusu.

Ikipanda kaskazini wakati huo huo, mkondo ukiisukuma: kasi halisi huwa maili 17, na safari huchukua saa 35.

Tofauti kati ya maji matulivu na mkondo wa kupinga ni kiasi cha saa 12. Hata ukiweka mkondo wa maili 4 katika njia ndefu ya maili 800, hasara ni saa 23, yaani siku moja pungufu kidogo. Na nahodha mwenye ramani hakubali kuipata hasara yote hiyo, kwa sababu hupinda njia akakaa nje ya sehemu kali ya mkondo.

Hapo ndipo gharama inapoingia. Nahodha akitaka kutunza tarehe bila kupinda njia, lazima aongeze moto wa injini. Matumizi ya mafuta ya meli hayapandi sawasawa na kasi: kwa makadirio, hupanda kwa kasi mara kasi mara kasi. Kutoka maili 14 hadi 17 kwa saa, mafuta ya siku huongezeka kwa asilimia 80 hivi. Kwa hiyo nusu siku ya mkondo ni fedha nyingi kwa mwenye meli, na ndiyo maana kampuni za meli hulipia huduma za kupangiwa njia zinazotumia ramani za setilaiti. Kwako wewe wa Kampala, hata hivyo, nusu siku ni nusu siku. Haielezi kontena lililochelewa siku kumi.

NJIA YA KUSINI NA MAKONTENA YALIYOANGUKA

Mzigo wa Ulaya una habari yake. Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli ziache mfereji wa Suez na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Meli inayotoka huko kuja Mombasa au Dar es Salaam hukutana na Mkondo wa Agulhas, unaoshuka kusini-magharibi kando ya pwani ya Afrika Kusini kwa kasi inayoweza kuzidi mita 2 kwa sekunde.

Hapo hatari kubwa si saa zinazopotea. Dhoruba za Bahari ya Kusini hutuma mawimbi upande wa kaskazini-mashariki, yakikutana uso kwa uso na mkondo. Mkondo huyabana mawimbi, yakawa mafupi na yenye kuta kali. Mabaharia wa pwani hiyo wamejua kwa muda mrefu kwamba dhoruba ikija ni heri kutoka katikati ya mkondo na kusogea karibu na nchi. Picha za joto za setilaiti husaidia hapa, kwa sababu maji ya Agulhas ni ya moto kuliko ya pembeni, na ukingo wa mkondo huonekana wazi kama ukingo wa barabara ya lami.

Julai 2024 meli ya CMA CGM Benjamin Franklin ilipoteza makontena 44 nje ya Afrika Kusini katika hali mbaya ya hewa. Mamlaka ya usalama wa bahari ya nchi hiyo iliziomba meli nyingine ziangalie makontena yanayoelea. Kontena likiwa limezama nusu, upepo haulipati sana, na mkondo ndio huamua linakokwenda. Ramani zile zile zilizotumika kwa kipande cha Pemba ndizo hutumika kukisia kontena liko wapi baada ya siku mbili au tatu.

Mfanyabiashara achukue hapa jambo moja: bima ya mzigo. Hatari ya baharini haionekani kwenye bei ya kontena, lakini ipo.

NYUMBANI: ZIWA VICTORIA

Wasafirishaji wa Port Bell watauliza: na ziwa letu je? Ziwa Victoria lina mikondo pia, lakini si ya aina ya bahari. Ikweta inapita ndani yake, kwa hiyo ile hesabu ya vilima haifanyi kazi. Maji ya juu husukumwa zaidi na upepo, na huweza kubadili mwelekeo ndani ya siku moja.

Hata hivyo ziwa lina alama ambayo bahari haina: gugu maji. Mmea huu ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ukaendelea kuuleta. Mwaka 1998 picha za setilaiti zilionyesha umefunika zaidi ya hekta 17,000. Ulifunga gati za Port Bell na Kisumu kwa nyakati tofauti, ukazuia mabwawa ya umeme ya Jinja na mitumbwi ya wavuvi. Wadudu walioachiliwa kuula, pamoja na sababu nyingine, waliupunguza sana kufikia 2001, lakini umerudi mara kwa mara, kama ulivyofanya ghuba ya Kisumu baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006.

Zulia la gugu maji likipigwa picha leo na tena baada ya siku chache huonyesha maji na upepo vinakwenda wapi. Setilaiti za kamera kama Landsat na Sentinel-2 huona rangi yake, na za rada kama Sentinel-1 huliona hata kukiwa na mawingu au usiku. Kwa mwenye mashua ya mizigo, picha ya namna hiyo ni onyo la siku chache kuhusu gati litakalozibwa.

Si gugu maji peke yake linaloelea. Tarehe 14 Aprili 2020 Uganda iliingia gizani karibu nchi nzima baada ya kisiwa kinachoelea, cha matete na udongo, kufika kwenye bwawa la Jinja na kuziba mitambo. Wakati huo ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi: Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964, na kingo nyingi ziliingiwa na maji. Kimo hicho pia kilisomwa kutoka angani, kwa rada za aina ile ile zinazopima bahari, kama zilivyoonyesha ziwa likishuka vibaya 2005 na 2006.

Kwa biashara ya Port Bell, Mwanza na Kisumu, kimo cha maji na magugu yanayoelea ni mambo ya kila siku. Mwaka 2018 MV Umoja ilipoanza tena kubeba mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell, wafanyabiashara walipata njia nyingine ya kufika Dar es Salaam. Njia hiyo inahitaji gati lililo wazi.

UFANYE NINI MZIGO UKICHELEWA?

Huhitaji kuwa mwanasayansi. Huduma ya Copernicus ya Umoja wa Ulaya na mfumo wa OSCAR hutoa ramani za mikondo bila malipo. Tovuti ya earth.nullschool huonyesha upepo na mikondo kwa mistari inayotembea, na hufunguka hata kwenye simu. Kituo cha kikanda cha ramani cha RCMRD, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975 na ambacho Uganda ni mwanachama wake, hufanya kazi na picha za setilaiti za nchi zetu. Ukiambiwa habari ya mkondo, fuata hatua hizi:

1. Uliza jina la meli. Meli kubwa hutangaza mahali zilipo kwa redio, na tovuti za kufuatilia meli huonyesha mahali hapo, mwelekeo na kasi.

2. Tazama kasi. Meli iliyo nje ya Somalia mwezi Julai ikienda maili 10 au 11 kwa saa kuelekea kusini, habari ya mkondo na bahari mbaya ina msingi. Meli iliyotia nanga nje ya Mombasa haisumbuliwi na mkondo: inasubiri gati. Na meli iliyobaki Salalah siku sita inasubiri mizigo mingine au kontena lako limeshushwa.

3. Tazama kalenda. Kati ya Desemba na Februari mkondo wa Somalia huisukuma meli inayoshuka kuja kwetu. Anayesema "mkondo" kama sababu ya kuchelewa mzigo wa Dubai mwezi Januari, mwambie akueleze vizuri.

4. Piga hesabu. Siku moja kwa ajili ya bahari ni jambo la kukubali wakati wa kusi. Kinachozidi hapo kina sababu nyingine, na sababu hiyo ina mtu wa kuuliziwa.

5. Usilipange lori kwa tarehe ya kuondoka meli. Lipange kwa mahali meli ilipo. Meli ikiwa imevuka Kismayo ikija kusini, ndipo uanze kuzungumza na mwenye lori kuhusu siku.

Wakala mwema hatachukia maswali haya, kwa kuwa naye huumia mteja anapolipia siku za bandarini zilizozidi. Mwenye duka wa Kikuubo hawezi kuusimamisha mkondo wa Somalia. Lakini anaweza kufungua simu yake, akaona meli imetia nanga, na kesho asubuhi akauliza habari ya gati badala ya habari ya bahari.